Kikombe cha Mgeni

Kila asubuhi, likizo ya Aprili mwaka wa 2013, mimi na nyanya Nakaale tuliteremka mtoni kuchota maji. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Nyanya aliingia kwenye shimo lililochimbwa mchangani, akachota kwa bakuli na kunipitishia. Punda walikuwa wamekunywa hapo kabla yetu, na punda hawana adabu. Kinyesi kilielea, viluwiluwi vya mbu vikicheza kando yake. Nyanya alifunga kitambaa kwenye mdomo wa mtungi, akayachuja, akasema hayo ndiyo maji.

Mimi yalinitia kichefuchefu. Ninasoma mjini Lodwar, tunaishi mtaa wa Kanamkemer, na nyumbani kuna bomba. Nilikuja kijijini kwa nyanya, nje ya Kakuma, na chupa kubwa za maji ya bomba letu. Nilizificha chini ya matandiko, nikawa ninakunywa kwa siri. Nyanya alipokunywa yale ya shimoni niligeuza uso. Nilichukia maji yale, nilichukia punda, na kusema kweli, hata nyanya nilimwonea kinyaa.

Pampu ya kijiji ilikuwepo nyuma ya kilima. Iliharibika mwezi wa Septemba, na hakuna aliyeitengeneza.

Siku ya tano lilikuja gari. Alishuka mwanamke kutoka Nairobi aliyeitwa Wahu, mtafiti wa chuo kikuu. Yeye na wenzake walikuwa wakizunguka vijijini kuchunguza kama huduma za umma zinawafikia watu wakati wa ukame. Mkalimani wake alikuwa ameugua, wakamwacha Kakuma. Kwa kuwa nyanya hajui Kiswahili, Wahu aliniomba nitafsiri. Alikisifu Kiswahili changu, nami nikavimba kichwa.

Alitueleza kazi yake vizuri. Alikuwa na karatasi ya fundi fulani, iliyosema kwamba pampu yetu imeshatengenezwa. Kama wenyeji wangesema vingine, kijiji kingeingia katika orodha ambayo angeisoma Lodwar wiki iliyofuata mbele ya viongozi wapya wa kaunti, ili fundi mwingine atumwe. Kama wangekubaliana na karatasi, mambo yangeishia hapo.

"Mwulize nyanya, maji mnachota wapi?"

Nyanya alijibu kwa kirefu. Alieleza shimo, punda, watoto walioharisha mwezi wa Februari, na jinsi yule fundi alivyotafutwa mara tatu. Nilimsikiliza huku nikitazama kucha safi za Wahu. Nilifikiria kumwambia, kwa kinywa changu mwenyewe, kwamba ninaoga maji ya punda. Nikashindwa.

"Anasema tunachota pampuni," nikatafsiri. "Inafanya kazi."

Wahu aliuliza mbona maneno mengi vile yamekuwa machache. Nikamwambia Kiturkana ni lugha ndefu. Akatabasamu, akatia alama kwenye fomu, akamwambia dereva hakuna haja ya kupitia pampuni. Kisha akasema maji ya garini yamekwisha, akagusa koo lake kuonyesha kiu. Hilo nyanya alilielewa bila mkalimani.

Alisimama, akachukua kikombe cha bati, akakijaza kutoka mtungini na kumpa mgeni. Harufu ilinifikia pale nilipokaa. Wahu alikipokea huku macho yake yakiwa bado kwenye fomu, akakiinua. Ningeweza kunyamaza. Angekunywa, angeondoka, nami ningebaki msichana wa Kanamkemer anayejua Kiswahili.

"Usinywe, madam," nikasema. "Hayo ni maji ya shimoni. Nimekudanganya."

Wahu aliteremsha kikombe, akatazama ndani, akakunja uso. Hakunigombeza. Aliniomba tuanze upya, nami nikatafsiri kila kitu: punda, kuhara, na fundi asiyepatikana. Alifuta ile alama, kisha akaenda mwenyewe kuiona pampu.

Alipoondoka, nyanya aliniuliza nilimwambia nini mgeni hata akayaacha maji. Nikamweleza yote, pamoja na habari ya chupa.

"Mgeni umemwokoa na kikombe kimoja," akasema. "Mimi nimekunywa hayo miezi saba. Umenitazama tu."

Kinyaa chote nilichokuwa nacho kwa punda kilinigeukia mimi. Niliingia ndani, nikatoa chupa iliyobaki, nikampa. Hakuinywa. Aliipeleka kwa jirani aliyekuwa na mtoto mchanga.

Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, fundi mpya alifika na vyuma vyake. Pampu ilitapika kutu kwanza, halafu maji yakatoka meupe. Nilijaza kile kikombe cha bati, nikampa nyanya kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikunywa polepole mpaka kikaisha.

"Akidor," akaniambia, "maji machafu si aibu ya anayeyanywa. Ni aibu ya yule aliyeandika kwamba pampu imetengenezwa. Ulipoificha shida yetu ulikuwa ukimsaidia yeye, si mimi. Ukiulizwa ukweli na mtu anayeweza kutusaidia, useme wote, hata ule unaokuchoma."

Kisha akanirudishia kikombe, akaniambia nami nichote ninywe.