Picha ya Ijumaa

— Ukitoka kwenye hilo geti, usinijue tena!

Swala akasimama, viatu vya mbio mkono huu, simu mkono ule. Aliyekuwa anafoka ni Nahodha, mchumba wake na kiongozi wa timu ya riadha ya chuo. Kwenye simu alikuwa mwalimu mlezi wa darasa la watoto wenye usonji, kule Swala alikokuwa akifanya mazoezi ya kufundisha. Masikio mawili, kila moja na kilio chake.

— Mwanangu, yule mtoto wetu Malkia hajanywa hata maji tangu asubuhi. Kakaa getini hapa shuleni na picha yako, anajigonga kichwa ukutani. Nimemshika mpaka nimechoka.

— Picha yangu? Si niliitoa?

— Ungeitoa ingekuwa huku? Ilikuwa kwenye safu ya Ijumaa, umeibandika kwa mkono wako.

Mungu wangu! Darasani kule kuna ubao wa picha. Watoto wasiosema huusoma kila asubuhi: nani anakuja leo, lini wanakula, lini wanacheza. Kinachobandikwa lazima kitokee. Jumatatu Swala alibandika wiki nzima kwa mkupuo huku akiwahi mazoezini, akasahau kabisa kuitoa picha ya Ijumaa, siku ya fainali. Mshika mawili moja humponyoka, wala wazee hawakukosea.

— Mwambie nitakuja Jumatatu, mama.

— Huyu haambiwi kwa mdomo, unajua.

Swala akakata simu.

— Mpenzi, niende mara moja nirudi.

— Mara moja! Mbio za vijiti za mchanganyiko zinaitwa sasa hivi, mimi nakupa kijiti wewe unamaliza. Wa akiba kateguka mguu. Wateuzi wa timu ya taifa wale pale jukwaani. Maisha yangu yote nimeisubiri siku hii!

— Mtoto anaumia kwa kosa langu.

— Na mimi je? Mimi umenibandika wapi?

Swala akatoka getini. Alipanda pikipiki na bukta yake, namba ya mbio kifuani, akilia kama mfiwa, dereva akimwuliza kama ampeleke hospitali.

Alimkuta Malkia getini, paji la uso limevimba na kuchubuka. Hakumkumbatia, kwa maana mtoto yule hapendi kushikwa ghafla. Alikaa chini pembeni yake akangoja. Malkia akaangalia picha, akaangalia uso, akarudia tena. Kisha akamvuta Swala mpaka darasani, akaitia picha kwenye kikapu cha mambo yaliyokwisha, akanywa maji kikombe kizima. Basi. Kazi yote ilikuwa hiyo.

Simu ikalia. Ujumbe: "Tumeondolewa mashindanoni. Asante sana. Usinitafute."

Swala akamsogezea mwalimu simu asome.

— Lia, mwanangu, alisema mwalimu mlezi. Ila usijute kuja. Jutia kubandika.

Swala alimpigia Nahodha simu, haikupokelewa. Jumamosi akaenda bwenini kugonga mlango. Akafungua rafiki wa Nahodha, uso umemshuka kwa aibu.

— Shemeji, amesema hayupo.

— Amesema mwenyewe?

— Ndiyo. Tena kwa sauti.

Akamwandikia: "Niliahidi watu wawili siku moja. Kosa nimefanya mimi, umeumia wewe. Nisamehe, nakufa huku." Ujumbe ukasomwa. Jibu hakuna. Jumapili hakula, hakuoga, mazoezi aliyaona kama adhabu. Alishawaza kuacha yote mawili, mbio na ualimu, arudi kwa mama yake akalale.

Jumatatu asubuhi, huyo Nahodha mlangoni mwa darasa, macho mekundu.

— Umefuata nini? Swala aliuliza.

— Nimekuja kumwona aliyenishinda.

Swala akamwonyesha kwa kidole. Malkia alikuwa akipanga vifuniko vya chupa, kidonda cha paji la uso kimeanza kukauka. Nahodha akainama kumtazama.

— Huyu? Alijigonga namna hii?

— Na angeendelea.

Akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakagusa kidevu.

— Wateuzi wameshachagua. Simo.

— Nisamehe.

— Bado. Uchungu umenijaa mpaka hapa kooni. Nimejaribu kukuchukia, nimeshindwa.

Akachomoa mfukoni picha yake ndogo ya kitambulisho.

— Nibandike.

— Wapi?

— Siku yoyote. Nimeona anayebandikwa pale ubaoni hatupwi.

— Ubao huu haufanyiwi utani, Nahodha. Nikikubandika usipotokea, huyu ataumia. Na mimi pia.

— Bandika.

Swala akaibandika kwenye Ijumaa. Malkia akainuka kama mkaguzi aliyeona kosa. Akaibandua, akamtazama Nahodha usoni, akaihamishia Jumatatu, ubavuni mwa picha ya Swala. Mtu si yupo leo? Kisha akasimama mbele yake, akingoja.

— Anataka nini?

— Anataka kilichobandikwa kitokee.

— Kipi?

— Ubaki, alisema Swala, machozi yakimtoka.

Nahodha akavuta kiti karibu nao, akabaki.