Nilimwita Mdogo Wangu Muuaji kwa Sahani ya Sombe

Nina miaka thelathini na sita, mjane, naishi Rwambuzi hapa Bunia. Pole zenu sizitaki. Someni tu.

Mume wangu Deo alianza kuumwa tumbo mwaka jana. Akila kidogo, ameshiba. Kisha akatapika damu... Hospitali daktari akamshushia kamera kooni, akaona uvimbe tumboni, akakata kipande. Alisema kitasomwa Kampala, tungoje wiki tatu, na tusimpe dawa nyingine yoyote.

Wiki tatu! Nani angengoja? Pascal, kaka mkubwa wa Deo, akaja na domo lake.

"Shemeki, hii haiko magonjwa ya hopitali," akaniambia. "Ni karuho! Nani alimupatiaka chakula?"

Karuho, ile sumu ya polepole ambayo kwetu kila tumbo likivimba husingiziwa! Na mimi mjinga nikajibu haraka: Aline, mdogo wangu wa tumbo moja. Alikuwa ametuletea sombe ya majani ya muhogo, Deo akala, mimi sikugusa. Niseme kweli, nilimwonea wivu. Deo alisifia mno mapishi yake.

Nikamfukuza Aline mbele ya majirani. Nikamwita muuaji!

Pascal akatupeleka Komanda kwa mzee anayetapisha karuho. Siku tatu Deo alinyweshwa majani, anatapika, anatapika... Siku ya nne ikatoka damu tupu. Alifia njiani tukimrudisha. Na Pascal? Leo akiniona sokoni anageuza njia. Mwoga mkubwa yule!

Baada ya msiba daktari aliniita. Majibu yalikuwa yamefika: uvimbe wa seli za plasma, zile zinazotengeneza kinga ya mwili. Ni nadra kuota tumboni, alisema, tena wa Deo ulikuwa mahali pamoja tu. Ungeweza kutibiwa. Sumu? Hakuna!

Nikaenda Shari kwa Aline kuomba msamaha, karatasi ya majibu mkononi. Hakuitazama. Aliniwekea sahani ya sombe barazani.

"Kula, yaya," akasema; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Si weye ulisema mimi niko muuaji?"

Nilikula yote huku nikilia. Yeye alisimama mlangoni akinitazama. Nilipomaliza akachukua sahani, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nyinyi mnaokimbilia kutapisha wagonjwa wenu na kutafuta mchawi jikoni, nawaomba, ngojeni majibu ya daktari! Mimi yangu ninayo. Mume sina, mdogo sina.