Maua ya Mienge na Mtaro wa Baba

Kila Ijumaa, kabla ya kwenda shuleni, Chepkemboi aliteremka na daftari hadi kwenye kinamasi kilichokuwa chini ya shamba lao, karibu na Keringet. Kwa kuwa aliishi karibu, Mwalimu Sitati alikuwa amempa kazi ya kuhesabu maua ambayo watoto waliyaita mienge. Kila bua lilikuwa refu kama mtoto, na kileleni vijiua vyembamba vilisongamana kama ndimi za moto. Vya chini vilichanua kwanza na kugeuka manjano, vya juu vikabaki vyekundu. Ndege aina ya chozi walifyonza utamu wake kwa midomo iliyopinda.

"Mizizi yake hupenda tope jeusi lisilokauka," mwalimu alikuwa amesema. "Mienge ikinyauka, jueni maji yanatuhama."

Ijumaa moja Chepkemboi alikuta mtaro mpya wa kutoa maji umekata kinamasi katikati. Baba yake, Kipkemoi, alikuwa ndani yake akichimba.

"Tutapanda viazi hapa," akasema. "Na mambo ya nyumbani hayaendi shuleni. Umesikia?"

"Ndiyo, Baba."

Wiki iliyofuata alihesabu mabua tisa tu. Akaandika arobaini na mawili, idadi ya kabla ya mtaro. Akaandika hivyo wiki tatu.

Chemchemi iliyokuwa chini ya kinamasi, walikoteka maji majirani, ikakauka. Kina Zeddy, rafiki yake, wakaanza kuteka maji kwenye dimbwi la ng'ombe. Nyanya yake Zeddy, aliyezoea kuwagawia mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni, wakitoka shule, akashikwa na kuhara. Siku ya tatu akafariki.

Siku ya mazishi Zeddy alimuuliza, "Si wewe huenda huko kila wiki? Kwani hukuona maji yakiisha?"

Chepkemboi alishindwa kumtazama. Alimtafuta Mwalimu Sitati miongoni mwa waombolezaji, akamweleza yote huku akilia.

Jioni hiyo mwalimu alifika kwao. Kipkemoi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kulipokucha alichukua sepetu, akaenda kuomba msamaha kwa kina Zeddy, kisha akaufukia mtaro pamoja na majirani. Baada ya mvua kadhaa chemchemi ilianza kutiririka tena. Zeddy, hata hivyo, alikuwa ameacha kuketi na Chepkemboi darasani na kuhamia dawati lingine.

"Mimi nilichimba, nawe ukaficha kwa kuniheshimu," Kipkemoi alimwambia bintiye. "Heshima si kudanganya. Mtu akikutaka ufiche ukweli, hata nikiwa mimi babako, mwambie mtu mzima mwingine siku hiyohiyo. Sisi tulichelewa, na mama wa watu amezikwa."