Kadi Iliyohamishwa Kabla ya Kazi

Kila siku baada ya masomo, Zipora alifagia chumba cha kompyuta, akapangusa vumbi mezani, ndipo akaketi. Yeye na wenzake wa darasa la saba hapo Mhunze walikuwa wakitengeneza programu ya simu ya kuwakumbusha wafugaji siku za kuchanja ng'ombe.

Mwalimu Sostenes aliwapangia kazi kwa minada, yaani siku za soko la ng'ombe. Kila mmoja alichukua kipande cha kumaliza kati ya mnada mmoja na mwingine, akakiandika kwenye kadi. Kikiisha, kadi ilihamia upande wa ubao ulioandikwa IMEKWISHA.

Vumilia alikuwa na kadi tatu upande huo. Zipora hakuwa na hata moja, na kila akitazama ubao, alizihesabu za Vumilia.

"Yako bado? Nikusaidie?" Vumilia alimwuliza.

"Kwani nimekuomba? Zako nyepesi, ndiyo maana."

"Haya, mama wa kazi nzito," Vumilia akacheka.

Kicheko kile kilimchoma. Wenzake walipoondoka, Zipora aliihamisha kadi yake, ilhali kazi ilikuwa haijaisha.

Siku ya mnada akaja Mama Eunice, afisa mifugo. Chanjo ingeanza Jumatatu. Programu ikimridhisha, wafugaji wangeitumia. Mwalimu alimchagua Zipora amwonyeshe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Niandikie siku ya kuchanja ng'ombe wa mfugaji wangu, Mzee Donatus."

Zipora akaandika tarehe kwenye simu, akabonyeza. Tarehe ikapotea. Akabonyeza tena, ikapotea.

"Vumilia ndiye aliyeshika simu mwisho," alisema.

Vumilia alimtazama usoni. Zipora akainamisha kichwa.

"Hapana, Mwalimu. Ni mimi. Sikumaliza. Nilihamisha kadi kwa wivu."

"Ungesema juzi tungepunguza kazi," Mwalimu alisema. "Mnada hausogezwi. Umebakiza nini?"

"Tarehe, na picha ya ng'ombe."

"Picha ingoje mnada ujao," Vumilia alisema. "Kwani sindano wanachoma picha?"

Mama Eunice akacheka, akasema atapita tena saa kumi. Wasichana hao wawili wakaketi kwenye kompyuta moja. Mama Eunice aliporudi, tarehe ilikaa.

"Programu naichukua," alisema. "Ila sikia, Zipora. Ubao ule si wa mashindano. Ni wa kuonyesha nani amelemewa, asaidiwe. Ukificha mzigo wako kwa wivu, nani atakutua? Mungu hakutupa mikono sawa, alitupa jirani. Sasa, nani atawaonyesha wafugaji?"

Zipora akamsukumia Vumilia simu. Alikuwa ameitamani sana nafasi hiyo.

"Vumilia, Mama," alisema.