Ruhusa ya Kutua

Ukungu uliifunika njia ya kurukia ndege peke yake, saa nane mchana, huku jua likiwaka pande zote za ziwa.

Teodora aliuona akiwa juu ya mnara. Alikuwa mwongozaji ndege pekee wa kisiwa cha Nabuzi. Uwanja wa ndege ulijengwa na jeshi wakati wa vita, likavunjwa jabali ambalo Wakerewe, wenyeji wa kisiwa, walikuwa wakitambikia. Tangu biashara iachiwe huru, ndege za minofu ya sangara nazo zilitua humohumo. Wanajeshi upande huu, wafanyabiashara upande ule.

Redio ikakoroma. Sauti ya mwanamume, ya upole, ikaomba ruhusa ya kutua. Teodora akauliza ni ndege gani, inatoka wapi. Mwenye sauti akajibu kwamba hatoki popote. Alikuwepo hapo kabla ya uwanja, akafukuzwa.

Teodora akaizima redio. Sauti ikaendelea kuomba.

Luhaga, sajini wa lango, akapanda ngazi akihema. Mkewe Nasma alikuwa na uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya, na mkunga alishasema asipofikishwa Mwanza kupasuliwa watakufa wote wawili. Walikuwa wamemlaza kwenye ndege ndogo chini ya mnara, lakini kwa ukungu rubani hakuona hata bawa la ndege yake. Gatini mawimbi yalikuwa yameshapindua boti mbili.

Shehe Abubakary, aliyeitwa kumsomea Nasma, alikuja nyuma ya Luhaga. Aliposikia redio iliyozimwa ikizungumza, akamvuta Teodora pembeni.

"Huyo ni mwenye jabali," akanong'ona. "Usimpe ruhusa, binti yangu. Akiingia kwa ruhusa, hakuna kisomo kitakachomtoa."

"Na nisipompa?"

Shehe akageuka kutazama ukungu.

Kule chini Nasma akalia kilio kifupi, kisha kimya. Luhaga akateremka mbio kwenda kwa mkewe. Teodora akachukua kipaza sauti.

"Tua," akasema.

Ukungu ukapasuka, ndege ikaruka na Nasma na mumewe, na Teodora akiwa bado anaisindikiza kwa macho akasikia magurudumu yakigusa lami pasipo ndege yoyote, harufu ya mpira ulioungua na mawe mabichi ikapanda hadi dirishani, kitu kikaja taratibu kuelekea mnarani, kikapanda ngazi moja moja, shehe akisoma kwa sauti iliyozidi kukatika, mpaka hatua zikasimama nyuma ya shingo ya Teodora na baridi ikamwingia kinywani kama maji.

Jioni habari zikaja kutoka Mwanza: mama mzima, mtoto wa kike, wamempa jina Teodora.

Teodora akapewa likizo akamwone mtoto. Asubuhi akafika gatini na mkoba wake, na Ngosha, nahodha wa boti, akamnyooshea mkono. Mguu haukuinuka. Akataka kumwambia amvute, ambebe kwa nguvu hata akipiga kelele. Mdomo wake ukafunguka, na kwa sauti yake mwenyewe, bila kutetemeka, ukasema:

"Nenda tu, kaka. Sisi tunabaki."