Mchanga wa Ruqaiya

Soko la Nakivubo lilikuwa limefurika. Wapagazi walipita na marobota vichwani wakidai njia, na Ruqaiya, katika gauni la rangi ya machungwa na mtandio mweupe, alisukumwa huku na huku mpaka akaingia duka la gemu kama kitu kilichotupwa. Ndilo duka alilotumwa na shangazi Rahmah, aliyemlea, akawanunulie watoto wa nyumbani zawadi.

"Karibu, nyabo, karibu bibie," alisema muuzaji, kijana mrefu mwenye shati lililonyooshwa kama la bwana harusi. Zaid lilikuwa jina lake. "Unataka sandbox au open world?"

"Nataka gemu. Hayo mengine ni matusi ya wapi?"

Zaid akacheka. "Open world ni dunia kubwa. Unazunguka utakako, kama mitaa ya Mbuya na Kyebando, hakuna wa kukuuliza. Lakini kisa ameshakiandika mtu mwingine. Zunguka mpaka uchoke, utakikuta kinakungoja. Sandbox haina kisa. Unapewa mchanga, unajenga upendavyo, unabomoa upendavyo."

"Wewe unapenda ipi?"

"Yenye kisa. Mimi mvivu wa kufikiri."

"Inaonekana," alisema Ruqaiya, akachukua ile ya mchanga, pamoja na namba yake ya simu.

Tangu hapo simu haikupoa. Zaid alipiga kuuliza kama watoto wamejenga chochote. Akaambiwa wamejenga ghorofa lisilo na mlango. Akasema basi wamemjenga Ruqaiya. Walikutana kwenye kilima cha Mbuya, wakala mishikaki, yeye akimwita "roho yangu", Ruqaiya akimwita Bwana Mvivu. Nyumbani hakusema neno. Shule alichaguliwa na baba, ushonaji alichaguliwa na shangazi, hata pazia la chumba chake alilikuta limeshatundikwa. Zaid peke yake alikuwa wa kuchagua mwenyewe, na utamu wake wote ulikuwa hapo.

Jumapili moja alipiga moyo konde akamwambia shangazi kwamba anampenda mtu.

Shangazi Rahmah aliendelea kuchambua mchele. "Zaid wa Abdul-Karim? Tulikubaliana na baba yake tangu kabla ya Ramadhani. Wewe ulidhani nilikutuma Nakivubo kutafuta gemu? Wazee wanaleta posa Jumamosi."

Ruqaiya alihisi sakafu imeondolewa chini yake. Alitoka nje uani na simu mkononi, akapiga.

"Zaid, ulijua?"

Zaid akauliza nani amemwambia.

"Nijibu."

"Baba alisema atakuja msichana, nimtazame. Nisipompenda, niseme."

"Na mimi nisipokupenda?"

"Hakuna aliyetaja hilo," alisema Zaid kwa sauti ndogo. "Wala mimi sikuuliza."

Ruqaiya alikata simu. Siku zilizofuata simu ililia mpaka ikazimika yenyewe, naye akashona pindo lilelile, akafumua, akashona tena. Kilichomkera zaidi ni kwamba bado alimpenda, na hakujua kama mapenzi hayo ni yake au ameshonewa.

Ijumaa mchana Zaid alibisha hodi nyumbani kwa shangazi, Kyebando. Hakuja na baba yake wala mzee yeyote. Alimwamkia shangazi kwa adabu, akabaki amesimama.

"Shangazi, kesho wazee hawatakuja. Nimemwambia baba nimeondoa posa."

Ungo ulimponyoka Rahmah, mchele ukatapakaa mkekani. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kusikia jambo hilo. Akauliza msichana ana kasoro gani.

"Hana. Kasoro ni yangu." Alimgeukia Ruqaiya, aliyesimama mlangoni kama aliyepigwa na umeme. "Sasa hakuna kilichopangwa. Ukinifukuza, hakuna wa kukulaumu. Nilitaka uwe na nafasi hiyo kabla sijaondoka."

Ruqaiya alimtazama. Shati halikuwa limepigwa pasi. Alijipima moyoni kama ataona nafuu akienda, akakuta hapana. Na safari hii hapakuwa na mtu nyuma yake akimsukuma.

"Kaa chini," alisema.

Zaid akakaa.

"Mimi Ruqaiya, kwa akili zangu, nakuposa."

Shangazi Rahmah aliita jina la Mungu, akatafuta pa kushika. Mwanamke kuposa, tena mbele yake, tena bila hata kikombe cha chai. Zaid, muuza maneno wa Nakivubo, aliinuka nusu, akakaa tena.

"Unaweza kukataa," Ruqaiya alimwambia Zaid. "Hivyo ndivyo anavyoulizwa mtu."

"Naruhusiwa kufikiri?"

"Fikiri. Wewe si mvivu?"

Alifikiri kweli, kichwa chini, mpaka Ruqaiya akaanza kuogopa. Kisha akainua uso.

"Nimekubali," alisema. "Nani ataenda kumwambia baba yangu?"

"Mimi," alisema Ruqaiya, akaenda kuchukua mtandio.