Matambara Matatu Dirishani

Nilitoka jioni kwenda kununua mkaa. Si jambo la kusimulia, najua. Lakini yote yalianzia kwenye mkaa, na mimi mwenyewe ndiye niliyeubeba kichwani.

Ilikuwa Julai. Asiyeijua Julai ya kwetu, huku juu ya Nyololo, na ashukuru. Ukungu unashuka saa kumi na moja, unakaa mlangoni mpaka kesho yake saa nne. Maji ya kuku yanashika ganda la barafu. Na ndani nilikuwa na mzazi: mjukuu wangu Goodness, miaka kumi na tisa, ametoka kwa mumewe Mbalizi kuja kujifungulia kwangu mtoto wa kwanza, ndivyo tunavyofanya. Mtoto alikuwa na siku nane.

Na Goodness alikuwa anakufa.

Sisemi kwa kupamba. Alikuwa anakufa usiku na kufufuka mchana. Ukimtoa nje juani anakunywa uji, anacheka, ananitania kwamba kuku wangu wote wamerithi ukali wangu. Giza likiingia, chumbani kwake kuna mtu anakuja kumkalia kifuani.

"Macho yangu yanakuwa wazi, bibi," aliniambia. "Nakusikia unakoroma chumba cha pili. Nataka kukuita, mdomo hausogei. Hata kidole."

"Mimi sikoromi. Ni nani anayekuja?"

"Mwanamke."

"Mwanamke gani? Ana sura gani?"

Akageukia ukutani.

"Anaingia na jicho moja jekundu, amelishika mkononi. Analiweka chini, karibu na kitanda. Halafu ananipanda."

Asubuhi anaamka kichwa kinamgonga, anatapika nyongo. Mtoto naye amelegea kama kitambaa kilicholowa, ziwa halitaki. Kila kukicha walikuwa wamepungua kidogo, wote wawili. Nilikuwa nawaona wanaondoka na sina pa kuwashikia.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo ya mkaa nilikuwa nimempeleka zahanati. Tabibu pale ni kijana mmoja, Joachim, mpole, ana ndevu tatu. Nilimweleza habari za mwanamke. Hakucheka.

"Bibi, hilo linaitwa jinamizi, na lina sababu," akasema. "Mtu akiota, ubongo unaufunga mwili usitembee. La sivyo, ukiota unakimbia, ungejikuta umegonga ukuta. Sasa wakati mwingine akili inaamka kabla mwili haujafunguliwa. Mtu anaona chumba chake, lakini ndoto bado inaendelea mle mle. Kifua kinakuwa kizito. Ubongo unatafuta sababu ya ule uzito, unatengeneza mtu."

"Unamtengeneza kwa kitu gani?"

"Kwa vitu unavyovijua. Sura uliyoizoea, sauti uliyoisikia."

"Na kutapika? Na mtoto? Mtoto wa siku nane anaota nini?"

Hapo akakuna kichwa. Akatuuliza, "Mnalala na moto ndani?"

"Hapana," nikasema.

Sikusema uongo. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini moto naujua. Moto una moshi. Kwangu jiko la mkaa linawashwa nje, linapepewa mpaka moshi wote uishe, mpaka mkaa uwe mwekundu safi kama damu. Ndipo linaingizwa kwa mzazi, apate joto, kitovu cha mtoto kikauke. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Nani anauita huo moto? Hilo ni joto.

Tabibu akaandika dawa ya kichwa. Tukarudi nyumbani.

Sasa jioni, natoka kununua mkaa, ikanibidi nipite kwa Matilda.

Huyu Matilda ni jirani yangu wa ng'ambo ya bonde. Tulikuwa na miaka kumi na tisa hatusalimiani. Na sababu niseme sasa hivi, nisije nikaikimbia.

Mwanangu Bertha, mama yake Goodness, alifia chumba kile kile. Julai ya baridi kama hii, siku ya tisa baada ya kujifungua. Jioni yake Matilda alikuja kumwona mtoto. Akaingia, akakunja pua, akasema, "Chumba hiki kimekufa pumzi. Fungueni dirisha." Hatukufungua. Usiku kichanga kikalia sana, nikakifunga mgongoni nikaenda kukibembeleza jikoni ili Bertha apumzike. Alfajiri nilipoingia, Bertha alikuwa amelala chali, macho wazi, mashavu mekundu kama ya mtu mwenye afya.

Nani alitaka dirisha lifunguliwe? Nani alitafuta pa kupitia? Nililisema mimi, msibani, mbele ya watu wote. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyenunua ulanzi wa Matilda, pombe yake ya mianzi, wala kukaa naye benchi moja kanisani.

Jioni hiyo alikuwa kizingitini kwake, juu ya gunia. Miguu yake ilikufa tangu Pasaka ya mwaka juzi. Akitaka kwenda chooni anaburuzwa na binti yake Damari. Nikapita nimekaza shingo.

"Kamwene, Mama Bertha," akaita, akinisalimia.

Nikaongeza mwendo.

"Mzazi wako anaendeleaje?"

"Anaendelea bila wewe."

Nikasikia anahema. Kisha, polepole...

"Usizibe dirisha."

Dirisha lile lile! Nikamgeukia. "Mchawi wewe, umemla mama, sasa unataka na mwana? Subiri uone nitakavyoziba."

Na niliziba.

Dirisha la chumba kile ni la mbao, limepinda, lina nyufa tatu za kuingiza mkono. Nilichana kitenge changu cha zamani, cha rangi ya kahawia chenye maua ya njano, nikapata matambara matatu. Nikayasokomeza kwa nguvu, moja, mawili, matatu. Chini ya mlango nikaweka gunia. Nikawasha jiko nje, nikapepea, moshi ukaisha. Nikaliingiza. Nikaliweka chini, karibu na kitanda.

"Bibi, leo usiondoke," Goodness akaninong'oneza. Alikuwa amemkumbatia mtoto kama mtu anayengoja kunyang'anywa.

"Siondoki. Akija leo atanikuta."

Nikakaa kwenye kigoda, panga mapajani. Chumba kilikuwa na joto tamu. Nje ukungu umeziba dunia, hata mbwa hawabweki. Nilimtazama mtoto anavyopumua... anapumua... Nikajisemea nitafumba macho kidogo tu.

Kichwa kikaanza kugonga. Du. Du. Du.

Nilipofumbua macho, sikuweza kusogea.

Panga nililiona mapajani. Mkono wangu niliuona juu ya panga. Haukuwa wangu. Niliuambia inuka, ukakaa pale kama wa maiti. Kifua changu kilikuwa kimebeba gunia la mahindi, na juu ya gunia kuna mtu. Sikumwona. Nilimsikia tu akijiweka vizuri, kama mtu anayetafuta makalio yake yaenee kwenye kiti.

Kitandani Goodness alikuwa ananitazama. Macho wazi. Machozi yanamteremka, uso hauna hata mkunjo.

Mtoto hakuwa analia. Hilo ndilo lililonimaliza. Hakuwa analia.

Nikaita, "Yesu." Ndani ya kichwa tu.

Ndipo nikasikia dirishani.

Krr...

Kama panya. Kimya. Tena, krr... krr...

Tambara la kwanza lilikuwa linasogea. Linavutwa kutoka nje, taratibu, kama mtu mwenye vidole visivyo na nguvu. Maua ya njano yakaingia kwenye ufa, moja baada ya jingine, yakapotea.

Amekuja, nikasema moyoni. Nimemzibia, na amekuja.

La pili likaanza. Nilikuwa nasikia pumzi upande wa pili wa mbao. Pumzi ya mtu mzee, ya mtu aliyepanda mlima. Niliomba tambara likwame. Nilimwomba Mungu kwa nguvu zangu zote lile tambara likwame.

Likatoka.

La tatu likatoka.

Baridi ikaingia kama kisu. Ikanipiga usoni, ikashuka kooni, mpaka tumboni. Nikavuta pumzi, nikakohoa, na kidole changu kimoja, hiki kidogo cha kushoto, kikacheza. Halafu mkono. Nikaanguka kutoka kwenye kigoda kifudifudi, jicho jekundu likiwa mbele ya pua yangu.

Jiko langu.

Siwezi kueleza nilichokielewa pale chini. Nilikielewa chote kwa mara moja, nikakitupa, kwa sababu hakukuwa na muda. Nilitambaa. Nilimchukua mtoto kwa meno, kwenye shuka lake, kama paka. Mlango niliufungua kwa kichwa. Nikarudi, nikamvuta Goodness mguu mmoja, mgongo wake ukigonga kizingiti, mpaka nje kwenye umande. Nikapiga kelele mpaka jirani yangu Sosthenes akaja na pikipiki, kanzu ya kulalia ya mkewe imembana kifuani, na wala sikucheka.

Mtoto alilia barabarani, ukungu ukimpiga uso. Sijawahi kusikia kinanda cha kanisa kikilia vizuri namna ile.

Hospitalini waliwawekea hewa ya mitungi, siku mbili. Daktari, mama wa makamo, alinikalisha kwenye benchi.

"Mkaa una hewa yake, mama. Haina moshi, haina harufu. Inaingia kwenye damu, inaleta usingizi mbaya, ndoto mbaya, kichwa, kutapika. Chumba kikizibwa, watu hawaamki. Mashavu yao yanabaki mekundu."

"Mashavu," nikasema.

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Hamna kitu, daktari."

Nikatoka nje nikashika ukuta. Miaka kumi na tisa nimemlilia Bertha, nimemlaani aliyemuua, nimemwombea kifo kibaya kila Ijumaa Kuu. Hakuna aliyenishtaki. Hakuna hata mmoja aliyehesabu. Nilihesabu peke yangu, pale ukutani.

Niliporudi wodini Goodness alikuwa amekaa.

"Mwanamke yule," nikamwambia. "Uliponiambia habari zake uligeukia ukutani. Sura yake ulikuwa unaijua."

Alichezea ukingo wa shuka.

"Ni wewe, bibi. Siku zote ni wewe. Umejifunga kitambaa chako, umebeba... Sikutaka kukuumiza."

Basi tabibu Joachim alisema kweli. Ubongo unatengeneza kwa vitu unavyovijua.

Nilirudi nyumbani siku ya tatu. Kwanza nilizunguka nyuma ya nyumba, kwenye dirisha. Ardhi pale imeteremka. Mimi mwenyewe, mrefu hivi, lazima nisimame kwa vidole vya miguu kulifikia. Chini kulikuwa na matambara mawili. Mawili. La tatu nililitafuta majanini mpaka magoti yakalowa. Sosthenes alisema upepo. Upepo gani, usiku wa ukungu uliosimama?

Kisha nikavuka bonde.

Damari alinifungulia mlango, akasita, akanipisha. Matilda alikuwa kitandani, blanketi mpaka kidevuni.

"Kamwene," nikasema. Miaka kumi na tisa. Neno lilitoka na kutu.

"Kamwene, Mama Bertha. Wamepona?"

"Wamepona. Matilda... usiku wa juzi ulitoka?"

Damari akaguna kutoka mlangoni. "Atoke na miguu gani, mama? Nililala naye kitanda hiki. Alikuwa anahangaika tu, anakwangua ukuta."

Matilda alikuwa anaangalia dari.

"Naota," akasema. "Tangu Bertha afe naota ndoto moja. Nimesimama nje ya dirisha lako, navuta matambara. Yananishinda. Nawasikia mle ndani wanavyohema, yananishinda, naamka nalia. Miaka yote hiyo." Akanigeukia. "Juzi yalitoka."

Nilikuwa nimepanga maneno ya msamaha njia nzima. Yaliniishia. Nilipiga magoti, magoti yangu haya mabovu.

"Inuka," akaniambia. "Umezeeka, utashindwa kuinuka, na mimi siwezi kukuvuta."

Alitoa mkono mmoja akanishika. Kucha zilikuwa zimevunjika, na chini yake kulikuwa na uchafu wa mbao za zamani. Mkono wa pili ulibaki chini ya blanketi, umekunjwa ngumi, umeshika kitu. Sikuuliza. Blanketi lilikuwa karibu nami, ningelifunua kwa kidole kimoja.

Sikulifunua.

Jiko nimelitupa bondeni. Jumapili nilisimama kanisani nikasema mbele ya watu nani aliyemuua Bertha. Wengine walilia. Wengine wamehama benchi langu, na haki yao. Goodness amerudi Mbalizi na mtoto, ana miezi mitatu sasa, ana mashavu. Nalala dirisha wazi, meno yananigongana, na silali sana.

Jana asubuhi Goodness alinipigia simu. Aliuliza kuku. Aliuliza magoti. Halafu nikasikia mtoto anakohoa nyuma yake.

"Bibi... chumba chetu hakina jiko. Tunalala dirisha wazi, kama ulivyosema."

"Vizuri."

"Usiku wewe ulikuja tena."

Nilikaa chini.

"Nilikuja mikono mitupu, bila lile jicho jekundu?" nikamuuliza.

Nikaigeuza mikono yangu juani, nikaitazama. Mkaa sijaushika tangu Julai.

"Goodness. Nilibeba nini?"

Simu ilikuwa bado hewani. Nilimsikia anahema.